Mungu Akijalia Si Ndiyo

Misheni, Inyonga
22 Juni 1997

Mdogo wangu Telesfori,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Sisi tupo. Mama anakohoa kwa baridi hii ya asubuhi lakini chakula anakula. Mpwa wako Lusia amefunga shule, amerefuka mpaka sketi ya mwaka jana nimempa mtoto wa jirani. Mahindi tumeyatoa shambani, ingawa nguruwe pori walitangulia kuvuna upande wa mtoni. Shemeji yako Gaudensi ametoka msituni jana, ndevu hadi kifuani. Amekaa hapa pembeni ananiambia cha kuandika, maana kalamu unajua hajawahi kuishika.

Shauri lenyewe ni la mzungu wako, Bwana Henrik. Mlipokuja naye mwezi wa nne aliuliza kama kikundi chetu kitajaza mapipa mia moja na ishirini ya asali ifikapo mwisho wa mwezi wa nane. Gaudensi kama mwenyekiti alijibu, "Tutajaribu, Mungu akijalia." Telesfori, wewe umezaliwa hapa. Ukikaribishwa chakula ukasema "nitapita, Mungu akijalia," hakuna anayekuwekea sahani. Sote mle bandani tulijua Gaudensi amesema haiwezekani, ila hakutaka kumwaibisha mgeni aliyetoka Denmaki.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilikuona unamgeukia mzungu, ukasema neno moja, mawili, naye akatabasamu, akaandika kwenye kijitabu chake. Kisha akasema maneno marefu sana, huku anamtazama Gaudensi machoni. Wewe ukatuambia, "Amefurahi, anawategemea." Tangu siku hiyo najiuliza, maneno yote yale ndiyo hayo tu?

Hali ni hii. Tuna mapipa thelathini na nane. Tukikaza tutafika arobaini na tano, basi. Nyuki hawana haraka ya mtu. Gaudensi anasema umwambie Bwana Henrik waziwazi, asije akaleta gari kubwa akakuta banda nusu tupu. Aliyekosa akasema mapema bado ni mtu. Tunaomba majibu kabla mwezi wa saba haujaisha, ili wenzetu wajue kama waondoe kambi ya msituni.

Mama anasema uvae sweta.

Ni dada yako,
Verdiana


Buguruni, Dar es Salaam
14 Julai 1997

Dada yangu mpendwa Verdiana,

Barua yako imenikuta salama, nikiwa ofisini. Sasa nina meza yangu na simu ipo karibu. Nimefurahi kusikia Mama anakula. Mwambie Dar sweta ni mzigo, huku tunatoka jasho hata tukikaa kivulini. Nimemnunulia Lusia viatu vya shule, nitampa dereva wa basi la Tabora. Kama vinambana avae hivyo hivyo, ngozi italegea.

Kuhusu jambo la shemeji. Dada, mimi nafanya kazi na wazungu mwaka wa tatu sasa, nimeshawajua. Mzungu akiuliza swali anataka ndiyo au hapana. Mambo ya Mungu akijalia kwao ni maneno ya mtu asiyejiamini. Na hapana inaua biashara palepale. Sisi watu wa bara tumezoea kujishusha, ndiyo maana hadi leo wanaonunua asali yetu ni wachuuzi wa baiskeli.

Bosi Henrik ni mtu mkali, ila haonyeshi usoni. Amesema kama watu wa Inyonga ni wa maneno bila vitendo ataenda nchi nyingine, na huko kwao atatangaza kwamba tumemdanganya. Jina litakalotajwa ni la Gaudensi, kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye karatasi. Sisemi haya kumtisha. Nasema kama ndugu.

Msitu wa ng'ambo ya mto Ugalla bado una mizinga ya zamani ya marehemu baba yake. Huko hakujarinwa asali miaka mingi. Mia moja na ishirini inawezekana mkitaka. Niko katikati yenu na mzungu, na mimi nabeba lawama za pande zote mbili.

Wasalimie wote. Wenu katika mapambano,
Telesfori


Inyonga
3 Agosti 1997

Telesfori,

Salamu. Mama amepona kikohozi. Viatu vimefika, ni vidogo, Lusia anavivaa vivyo hivyo.

Nimesoma barua yako mbele ya Gaudensi na Elias, mrinaji mwenzake. Gaudensi alinitazama nikiikunja. Halafu akasema, "Kwa hiyo jina langu liko ng'ambo kwa wazungu." Elias akamwambia, "Mwenyekiti, ng'ambo huendi wewe, waache waseme." Gaudensi akajibu kwamba jina la mtu haliulizi kama mwenyewe ameenda.

Juzi Ijumaa wameondoka, yeye na Elias, kwenda huko kwenye mizinga ya baba yake. Majani yamekauka na watu wameanza kuchoma moto. Sijawahi kumwona anaingia msituni mwezi wa nane.

Nakuuliza jambo moja, na unijibu hilo tu. Ile habari ya mapipa arobaini na tano umemwambia Bwana Henrik, au hujamwambia?

Verdiana


Buguruni, Dar es Salaam
27 Agosti 1997

Dada Verdiana,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila malaria ilinigusa kidogo wiki iliyopita. Poleni na vumbi. Hapa mjini maisha yamepanda, hata nyanya zinauzwa kwa mafungu ya tatutatu.

Nimefurahi mno kusikia shemeji ameingia kazini. Huyo ndiye Gaudensi ninayemfahamu. Bosi anaendelea vizuri, yuko safarini Arusha. Mambo ya ofisini siyo ya kueleza yote kwenye barua, utaelewa siku tukikaa pamoja. Kuna uwezekano mkubwa nikafanywa mwakilishi wa kampuni kwa kanda yote ya magharibi. Nikipata, familia nzima itainuka, na Lusia atasoma sekondari anayoitaka.

Muwe na moyo. Mwambie shemeji mzigo ukikamilika nitakuja mwenyewe na gari, tupige na picha.

Telesfori


Inyonga
30 Septemba 1997

Telesfori,

Mama hajambo. Lusia hajambo.

Gaudensi alianguka tarehe kumi na nne mwezi wa nane. Barua yako ya picha ilipofika alikuwa na wiki tatu kitandani. Sikuandika mapema kwa sababu sikuwa na mikono.

Elias ndiye anayejua ilivyokuwa. Walikuwa wamejaza mapipa mawili tu kwa siku zote hizo, maana mizinga mingi ya mzee ilishaliwa na mchwa. Siku hiyo Gaudensi aliona mzinga mmoja kwenye mti mrefu wa mtundu. Elias alimwambia gome la mti limekauka, kamba haitashika. Yeye akasema, "Huu ukiwa umejaa, ni nusu pipa." Akapanda. Alipofungua, nyuki walitoka na hasira za kiangazi, mwenge ukamponyoka. Alijaribu kushuka haraka na kamba ikateleza. Aliangukia mgongo, juu ya mizizi.

Elias alimfunga kwenye magome kama mzigo wa asali, akamkokota nusu siku hadi njia ya baiskeli. Siku ya tatu walifika hapa. Hospitalini Mpanda wamempiga picha ya mifupa, wakamtazama, wakatuambia kwa upole kwamba mfupa wa mgongo umekatika na miguu haitarudi. Tumemleta nyumbani. Namgeuza asubuhi, mchana na jioni. Ukichelewa kumgeuza ngozi inatoka na shuka.

Anaomba umwambie Bwana Henrik kwamba mapipa yamefika arobaini na saba, na kwamba anamwomba radhi kwa yale yaliyobaki. Ndivyo alivyosema, nami nimeandika.

Verdiana


Buguruni, Dar es Salaam
2 Novemba 1997

Dada yangu,

Nimeshindwa kula tangu nimeisoma. Poleni sana, poleni wote. Mungu ana mipango yake, hatuwezi kumhoji. Nimetuma dawa ya vidonda, pamba na redio ndogo ili shemeji asipate upweke. Betri zipo ndani.

Natamani kuja lakini ofisi imebana, na mvua zimeanza vibaya, wanasema reli itakatika. Mwambie shemeji asijisumbue na habari za mzungu. Hayo yote niachieni mimi.

Telesfori


Inyonga
16 Desemba 1997

Telesfori,

Mama anasalimia. Mvua hii haijawahi kuonekana, mto umekula shamba la chini lote.

Bwana Henrik alikuja hapa tarehe tisa. Najua hukujua. Alikuja na Sista Immaculata wa kule Mpanda, ambaye alisomea Kiingereza nje. Gari lao lilizama kwenye matope mara mbili, walifika wamelowa. Aliuliza nyumba ya mwenyekiti ni ipi. Nikamwambia Sista mwenyekiti ni mgonjwa. Mzungu akasema basi ataketi naye huko huko alikolala.

Akaingia. Harufu ya chumba kile unaweza kuifikiria. Akavuta kigoda, akakaa karibu na kichwa cha Gaudensi, akatoa kile kijitabu chake.

Akasema, na Sista akatuambia neno kwa neno, "Bwana Gaudensi, mwezi wa nne nilikuuliza kama mtaweza mapipa mia na ishirini. Nimeandika jibu lako hapa. Jibu lako ni: ndiyo, bila wasiwasi."

Gaudensi akasema, "Mimi nilisema tutajaribu, Mungu akijalia."

Sista alipomfikishia, mzungu akauliza, "Hiyo maana yake ni ndiyo?"

Gaudensi akasema, "Hapana, Bwana. Maana yake ni hapana. Ni hapana yenye adabu."

Mzungu akafunga kijitabu chake. Kisha akasema, "Kwetu hapana haina adabu wala utovu wa adabu. Ni hapana tu. Mimi siku ile baada ya jibu lako nilisema maneno mengine. Nilisema kama ni mengi mniambie sasa hivi, sitaondoka, arobaini yananitosha kwa mwaka wa kwanza. Nilikutazama machoni ili ujue nasema kweli. Hukujibu kitu, ukatikisa kichwa, nikadhani umekataa kupunguza."

Gaudensi akasema, "Niliambiwa umefurahi."

Ndipo akatoa nakala za barua tatu alizotuandikia, za mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Amezileta mwenyewe kwa sababu hakuna hata moja iliyojibiwa. Zote alikupa wewe utufikishie. Sista akazisoma. Ya mwezi wa saba inasema, "Kama msimu umekwisha, simamisheni kazi. Nitachukua yaliyopo. Muhimu nijue mapema nipange usafiri." Telesfori, barua hiyo ina tarehe nane Julai. Wewe ulituandikia tarehe kumi na nne. Ulikuwa nayo mezani pako.

Nilimwuliza kama alisema atatutangaza kwao kuwa sisi ni waongo. Sista alisita kuuliza, nikamwambia aulize. Mzungu akauliza nani amesema maneno hayo. Gaudensi ndiye aliyesema, "Yameshapita hayo." Bado anakufichia. Mzungu alipoondoka alimshika mkono. Amechukua mapipa yote arobaini na saba. Mwaka ujao atakuja na Sista.

Wenzetu kwenye kikundi walitaka kukuandikia barua yao. Gaudensi amewakataza. Amesema, "Mngojeeni. Telesfori ataandika mwenyewe." Kila basi likija ananiuliza.

Verdiana


Buguruni, Dar es Salaam
20 Januari 1998

Dada Verdiana,

Barua hii ni ya shemeji. Naomba umsomee yote kama ilivyo, usiruke neno.

Shemeji Gaudensi,

Sitaanza na salamu ndefu, sina uso wa kuzitoa.

Uliposema Mungu akijalia nilijua umesema hapana. Nilijua kama unavyojua wewe. Lakini tangu Tabora nilikuwa nimemwambia Henrik ndani ya gari kwamba watu wetu wanaweza mia na ishirini, kwamba mimi ni mtoto wa pale, aniamini. Nikaona nikimpa hapana yako, mimi ndiye nitakayeonekana mwongo. Nikasema yes. Ni neno fupi sana, shemeji. Aliposema arobaini yanatosha, nilikuwa nimeshachelewa kwa dakika moja tu, na ile dakika moja sikuweza kuirudisha. Kila barua aliyonipa baada ya hapo niliona nikiifikisha, ule uongo wa kwanza utajulikana. Ukali wake niliubuni. Yeye hajawahi hata kupandisha sauti.

Niliandika habari za mizinga ya baba yako. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Hakuna aliyenituma, niliandika mwenyewe.

Nimeachishwa kazi tarehe tano. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia ili ujue sina tena cha kulinda, kwa hiyo hii ni kweli.

Sikuombi uniite ndugu. Naomba neno moja kutoka kwako, hata likiwa la kunifukuza. Pasaka nitakuja. Nitakugeuza mimi, dada apumzike. Mpeni Mama habari kwamba nakuja.

Telesfori


Inyonga
19 Aprili 1998

Telesfori,

Pasaka imepita. Nasikia reli bado haijatengemaa na daraja la huku limechukuliwa, kwa hiyo hukuja. Au hukuja tu. Sikuulizi.

Barua yako ya Januari ilifika tarehe mbili Machi, imelowa pembeni, lakini wino ulikuwa haujatawanyika. Niliisoma kwanza peke yangu nyuma ya jiko. Niliisoma mara mbili. Ni barua nzuri. Sikujua kama unaweza kuandika hivyo.

Wakati huo Gaudensi vidonda vilikuwa vimefika kwenye mfupa na homa ilikuwa haitoki. Lakini akili yake ilikuwa nzima, na masikio yake yalikuwa yamesikia basi. Nilipoingia akasema, "Imekuja?"

Nikasema imekuja.

Akasema, "Nisomee."

Nikakaa pale alipokaa mzungu. Nikaifungua. Nikamsomea hivi: "Shemeji Gaudensi, salamu. Mimi ni mzima. Huku mvua ni kubwa, maji yameingia mpaka ndani ya nyumba. Maisha yamepanda. Tuombeane. Telesfori."

Alingoja. Akasema, "Geuza ukurasa." Nikageuza, akasikia karatasi. Nikamwambia, "Huku nyuma hakuna kitu."

Akasema, "Hana neno?"

Nikasema, "Hana."

Unataka kujua kwa nini. Nami nimetafuta sababu ya kukupa, sijaipata iliyo safi. Miezi saba nilimgeuza mtu yule. Nilimwosha kama mtoto, nikamsikia akikuombea kila jioni wewe na kazi yako. Kisha nikaona karatasi moja inakuja kwa basi, na kabla jua halijazama ungekuwa umeshasamehewa. Maana angekusamehe. Ulimjua. Nilishindwa kuvumilia iwe rahisi hivyo.

Aliishi siku tano baada ya hapo. Hakuuliza tena basi. Tumemzika tarehe saba Machi, upande wa juu, kwa sababu kule chini makaburi yana maji. Elias na wenzake walichimba. Sista Immaculata alikuja, na mzungu ametuma barua ya pole. Tulisomewa yote, hata pale alipoandika kwamba hajui maneno yanayofaa.

Siku moja kabla hajafa Gaudensi aliniita, akanipa maneno ya kukuletea wewe. Alidhani huna neno, lakini yeye alikuwa nalo. Aliyasema polepole, akapumzika, akaendelea, akaniambia niyarudie ili ahakikishe nimeyashika. Niliyarudia sawasawa. Nimeyashika mpaka leo, hakuna hata moja lililodondoka.

Sitayaandika. Na ukija, sitakuambia.

Usimwandikie Sista kumwuliza, hakuwepo. Nilikuwepo mimi tu.

Lusia amerudi shule. Mama ni mzima, macho yanazidi kupungua, sasa barua zote namsomea mimi. Jana aliniuliza kama umeandika kwamba utakuja. Nimemwambia hujaandika.

Dada yako,
Verdiana